Muhuri wa Minosaki: Kumkumbuka Mama Tamae Kajitani

Mwaka mmoja ulitimia juzi, Mama, tangu ulipoanguka jikoni asubuhi, uji wa Bibi ukiwa bado mekoni. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukuteseka. Hatuna sababu ya kutomwamini.

Ulianza kukusanya stempu za kumbukumbu ukiwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwenu Minosaki, zama zile watoto walipopanga foleni mbele ya posta kabla ya kengele ya darasa kila stempu mpya ilipotoka. Wengi walikusanya kwa sababu waliambiwa bei itapanda. Bei ilipoporomoka, wakaacha. Wewe hukuacha, kwa kuwa hukuwahi kukusudia kuuza hata moja.

Wageni wakija ulipenda kuwaeleza kwamba stempu ya kwanza ya kumbukumbu nchini Japani ilitolewa mwaka 1894, kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya ndoa ya mfalme. Kisha ulimgeukia Baba.

"Mnaona? Serikali nzima ilikumbuka ndoa. Huyu wangu hukumbuka siku ya kutoa takataka tu."

"Mama Harue," Baba alijibu, "takataka zina ratiba."

Bibi Shizuno, mama yake Baba, alipopooza upande mmoja, ulimwuguza wewe kwa miaka kumi na moja. Hakukubali kulishwa na mkono mwingine. Wauguzi wa manispaa walikuja mara mbili. Wa kwanza alitemewa chai, wa pili hakurudi. Baba alikuwa bado kazini katika idara ya maji, na mimi Harue nilikuwa nimeolewa mbali. Basi dunia yako ikaishia sokoni upande mmoja, na upande wa pili kwenye sanduku la barua lililo pembeni mwa barabara. Hata huko sauti ilikufuata dirishani.

"Tamae! Umekwenda wapi?"

"Niko kwenye sanduku la barua, Mama, si Amerika!"

Hapo ndipo ulipoanza kukusanya kwa njia ya posta. Ikitoka stempu ya daraja, ulibandika moja kwenye kadi, ukaitia ndani ya bahasha pamoja na bahasha nyingine yenye anwani yako, ukaituma kwa karani wa posta iliyo karibu na daraja lenyewe, ukimwomba kwa adabu agonge muhuri wake juu ya stempu. Muhuri ukitua katikati, duara likakamilika na jina la mahali na tarehe vikasomeka, wakusanyaji huuita mwezi mpevu. Makarani wengine walianza kuutambua mwandiko wako. Mmoja wa kaskazini alikuwa akiongeza kijikaratasi: leo theluji imefika dirishani. Ulikuwa na mihuri ya visiwa, ya vituo vya treni milimani, ya bustani za maua. Hukuwa umefika hata mahali pamoja kati ya hapo.

Mambo matatu uliyakataza nyumbani: kulamba stempu, kuishika kwa vidole, na kusema kwamba kibano chako cha stempu kinafaa kung'olea miba ya samaki. La tatu lilimhusu Baba.

Miaka minne kabla hujafariki, ikatangazwa stempu ya kuadhimisha miaka mia ya mnara wa taa wa Minosaki. Ulizaliwa chini ya mnara ule. Ulimaliza kuosha vyombo, ukafuta mikono, ukaketi mbele ya Baba.

"Baba Harue, naomba siku moja. Siku itakapotoka, nataka niikabidhi kadi dirishani mwenyewe."

"Siku moja tu?"

"Treni ya asubuhi, ya jioni nimerudi."

Baba akakubali. Shangazi Fumi, dada yake, ambaye Bibi alikubali kulishwa naye siku moja moja, akaahidi kuja kukaa naye. Ukanunua viatu vya kutembelea, vya kijivu, ukavipanga mlangoni vikitazama nje.

Siku tatu kabla ya safari Shangazi alipiga simu. "Wifi, goti langu limefanya uasi. Mnara umesimama miaka mia, utashindwa kungoja mwezi mmoja?"

Mnara ungengoja, muhuri wenye tarehe ya siku ya kwanza usingengoja. Baba alijua hivyo, maana ulikuwa umemfundisha. Hakuweza kuacha zamu, na Bibi asingekula kwa mkono wake. Kwa hiyo alifanya lile alilokuona ukifanya miaka yote: alijaza ombi kwa siri, akaandika barua yenye adabu kuliko zako, akaituma Minosaki pamoja na fedha ya stempu. Kadi ikarudi. Akaiweka kando ya kikombe chako cha chai.

"Tazama! Huna haja ya kusafiri tena."

Uliitazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa mwezi mpevu, wino mweusi, hakuna herufi iliyokatika.

"Umetoka safi sana," ukasema. "Asante, Baba Harue."

Kisha ulikwenda mlangoni, ukavirudisha viatu kwenye boksi lake. Baba aliona, akadhani unavitunza. Hukuomba siku nyingine.

Sasa anayemwuguza Bibi ni Baba. Amestaafu. Amejifunza uji, amejifunza kumgeuza, amejifunza kwamba kulala ni kusikiliza. Wiki za kwanza Bibi alipokuita, Baba alimwambia ukweli: "Tamae amefariki, Mama." Bibi alilia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, na kwake ndivyo ilivyokuwa, kila siku. Baba akaacha kumwambia. Bibi akiita "Tamae!" Baba huitika "Naam," na Bibi hula.

Mwezi uliopita alifungua kabati akitafuta shuka, akaliona boksi. Soli za viatu hazikuwa hata na vumbi la njia. Siku chache baadaye akanipigia simu.

"Harue, zile stempu za mnara alizonunua Mama yako baadaye, zilibaki?"

"Zimo kwenye albamu ya mwisho. Za nini?"

"Nataka kadi yenye muhuri wa Minosaki."

"Si tunayo, Baba? Na kama unataka nyingine, itume tu, itarudi wiki ijayo."

"Hapana," akasema. "Naomba siku moja."

Nikaja. Juzi asubuhi Baba alibandika stempu kwenye kadi kwa sifongo lenye maji, akiishika kwa kibano, akavaa koti. Alikuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za kiatu cha kwanza sauti ilipotoka chumbani.

"Tamae! Unakwenda wapi?"

Baba akasimama pale pale, mguu mmoja ndani ya kiatu. Akaanza kukivua.

Nikaitika mimi. "Niko hapa, Mama. Siendi popote." Kisha nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda, Baba. Treni haina huruma."

Akaenda. Karani wa Minosaki ni binti mdogo, na alipoona mzee anamkazia macho, aligonga kwa haraka. Muhuri ukateleza, wino ukachafua ukingo wa chini, tarehe ikasomeka nusu.

"Samahani sana, Mzee! Ngoja nikugongee nyingine."

"Acha hivyo hivyo, binti," Baba akamwambia. "Iliyo safi tunayo nyumbani."

Anasema mnara ni mfupi kuliko ulivyochorwa, na kwamba toka dirisha la posta hadi ulipozaliwa ni mwendo wa kumaliza peremende moja. Alirudi na treni ya jioni, kama ulivyokuwa umepanga.

Kutwa ile niliitwa Tamae, nikaitika. Jioni nilipochukua mkoba wangu, mikono yangu ilikuwa na haraka ambayo sikuiamuru. Baba aliiona. Akavua koti, akanawa, akaupokea uji.

Kadi mbili zimewekwa mbele ya picha yako, ile safi na ile iliyochafuka. Viatu viko chini yake, vikitazama nje.

Unakumbukwa na mumeo Kunihiko. Na mimi bintiyo Harue na mume wangu Sadaaki. Na wifi yako Fumi, ambaye amesema atakuja mwezi ujao. Na mama mkwe wako Shizuno, ambaye hajui kwamba umeondoka.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, kila jina lako linapoitwa na mmoja wetu akaitika.