Mama, Usiniulize Tena Habari za Mgongo

Koboko, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai hapo Ujiji mmeamka salama, kifua chako kimetulia na Baba Mdogo homa imemwachia. Mimi huku ugenini nipo, cherehani inazunguka, sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni.

Najua umekasirika. Jumapili nilikukatia simu, jambo ambalo sikuwahi kukufanyia tangu unizae. Nisamehe. Nimeona niandike, maana kwenye simu neno lako la kwanza lingekuwa, "Mgongo vipi?"

Mama, nimechoka! Nilipigwa picha ya mgongo hospitali ya Arua, daktari akasema mifupa haina kasoro, akanielekeza kwa mshauri wa mambo ya akili. Nikamjibu, "Mimi nashonea watu nguo, siokoti makopo." Lakini dawa zilishashindwa kunituliza, nikaenda. Sasa kila Alhamisi napanda gari hadi Arua kuzungumza na mshauri huyo, mama mmoja wa huko, Ayikoru. Siku ya kwanza akaniambia, "Maumivu yako iko ya kweli, dada. Lakini unaogopa mgongo yako kama nyoka. Ukiogopa, mwili inakaza. Ikikaza, inauma zaidi."

Nikaona ananichezea. Akaniagiza niwe na daftari: kila nikiumwa, niandike nilikuwa nafanya nini na nawaza nini. Nimeandika wiki nne kwa hasira. Tukalisoma pamoja. Kila Jumapili, baada ya simu yako, mgongo unawaka. Unaniuliza, unalia, kisha unanihadithia tena habari za yule jirani yenu aliyeanza kuumwa mgongo akaishia kupooza! Tukimaliza kuongea, hata kuinama kuvaa kiatu siwezi.

Na hapa nako jirani yangu Mkongo, Mama Furaha, alininyang'anya beseni. "Mutu ya mgongo hapana fua nguo!" Mwaka mzima ananifulia. Kwa huruma zenu nimekuwa gogo.

Ayikoru akasema nianze kazi kidogo kidogo. Jumamosi nikamwomba Mama Furaha beseni langu. Akanuna, akanipa. Nikafua shuka moja. Niliumwa, jasho la woga likanitoka, lakini sikuvunjika. Kesho yake ukapiga, nikiwa na hamu ya kukusimulia, nawe kabla sijafungua mdomo ukaanza kulia. Ndipo nikakata.

Sikukukataa wewe, Mama. Jumapili niulize nimepika nini, au nani kaniudhi sokoni. Mgongo niachie mimi. Na ukishikwa na kilio, lia baada ya simu, kwa Baba Mdogo.

Mpe yeye salamu zangu, na dada Mwajuma aliyenifundisha kushona. Hata yule jirani aliyepooza msalimie, maskini, yeye hana kosa.

Barua hii nimeiandika nimekaa chini, mkekani, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mgongo unauma, ndiyo. Kuinuka nitainuka mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura