Nilimfukuza Jikoni Aliyeshika Nafasi ya Mwanangu

Mpendwa Bi Odile,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo hata ukinijibu itakuwa ni kunipa pole tu. Mimi ni mama wa Kelvon, na kama unaishi hapa Louisiana na una masikio basi unamjua, ndiye mrushaji mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, kila mpira unaanzia mkononi mwake, anaurusha yadi sitini na mwenzake Marcus anaupokea kama amekabidhiwa mtoto mchanga, na sisemi hivi kwa sababu ni wangu, hata mchungaji alisema, tena akiwa madhabahuni. Lango langu lina namba tisa, ile ya jezi yake, gari lina namba tisa, na mimi kila mechi navaa beji yenye sura yake, kubwa kama kisahani cha chai.

Sasa katika mechi ya tano jitu moja la wapinzani lilimwangukia gotini, kano ikachanika, daktari akasema msimu umekwisha, na huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni. Nafasi akapewa Emile, kijana aliyekaa benchi miaka mitatu akimpigia makofi mwanangu. Wakafungwa mechi mbili mfululizo. Bi Odile, nakwambia wewe peke yako, mdomo wangu ulisema "poleni, watoto wangu," lakini moyo ulisema, mmeona sasa? Niliwapikia sufuria nzima ya gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia na kamba na soseji, nikawapakulia mmoja mmoja huku moyo unasema, mmeona sasa?

Halafu wakainuka. Kocha akapunguza mbinu zikabaki zile Emile anazoziweza, wale wanene wa mstari wa mbele wakaapa hakuna atakayemgusa, wakimbiaji wakabeba mpira kama watu wanaotoka kwenye nyumba inayowaka, na Kelvon wangu akasimama pembeni na magongo yake akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakashinda tatu. Gazeti lenu hilihili likaandika Emile, Emile, Emile. Hakuna aliyeandika magongo.

Jumatatu nimetoka kazini, miguu imevimba, nafungua mlango wa jikoni, namkuta Emile amekaa mezani kwangu na wanene wanne, na Kelvon amepanga vitunguu na chupa za pilipili kama uwanja.

"Kitunguu hiki ndicho beki wao wa kati," anamwambia. "Akikujia, usimtazame Marcus. Tazama pale Marcus atakapofika."

"Nirushe mahali pasipo na mtu?" Emile anauliza.

"Rusha. Atakuwepo."

"Na asipokuwepo?"

"Basi nitamchapa kwa gongo. Terrance! Wewe, umemla beki!"

"Nilidhani ni mkate," Terrance anasema, mdomo umejaa, wakacheka mpaka meza ikatikisika.

Mimi sikucheka. Nilisema, "Emile, umechukua nafasi yake, umechukua gazeti, sasa umekuja kuchukua na akili yake? Toka jikoni kwangu."

Emile akachukua kofia yake, akasema, "Samahani, mama. Asante kwa chakula." Wale wanene wakaosha sahani zao, wakazipanga, wakatoka mmoja mmoja bila kunitazama. Kelvon akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyemwita. Goti limechanika, kazi yangu haijachanika." Kisha akasema Jumamosi, siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, ambapo kila mchezaji anaingia uwanjani na mzazi wake na jina linatangazwa, yeye ataingia na mama anayeikaribisha timu yake, na kama mama huyo hayupo ataingia peke yake.

Bi Odile, siku hiyo nimeingoja tangu yuko darasa la pili, gauni nimeshalinunua, la rangi za timu. Sasa niambie, mimi mtu mzima niende kumwomba radhi kijana wa miaka ishirini na moja? Na nikienda nitasema nini, wakati ni kweli nilikuwa na hasira na bado ninayo kidogo?

Ni mimi,
Mama wa Namba Tisa (jina langu lisitajwe)

BI ODILE ANAJIBU:

Mama wa Namba Tisa, jina lako nimelificha, ila hilo lango lako sina la kulifanya.

Kwanza hongera kwa mwanao, maana nisipoanza na hongera hutasoma yaliyobaki. Na pole. Umemlea kwa ajili ya siku fulani, siku ikaja na magongo. Anayekukataza kulia huyo hajazaa.

Sasa nisikilize. Umenijazia ukurasa kwa yadi sitini, na lile kubwa umelipita mbio kama gari lisilo na breki. Mkono wenye nguvu mtu huzaliwa nao. Lakini kumkalisha chini aliyeshika nafasi yako na kumpa kila unachokijua, goti likiwa bado linauma, hakuna mtoto anayezaliwa nalo hilo. Kajifunzia wapi? Mezani kwa mwanamke anayelisha timu nzima hata akiwa na kinyongo. Ulikuwa na la kujivunia hapo mlangoni, ukalifukuza.

Unauliza kama mtu mzima amwombe radhi kijana. Kati ya aliyefukuzwa akashukuru kwa chakula na aliyefukuza, nani alikuwa mtu mzima jikoni humo? Usinijibu.

Hasira hiyo iliyobaki usingoje iishe, utangoja mpaka Krismasi. Nenda nayo. Barua hii inatoka Alhamisi, basi leo hii mpigie Emile wewe mwenyewe, usimtume Kelvon. Mwambie, "Nilikukosea nyumbani kwangu, njoo umalizie somo." Ukifika hapo nyamaza. Neno "lakini" likikujia, limeze. Kisha bandika sufuria, na uwaite wale wanene kwa majina yao. Vitunguu nunua vya kutosha, maana huyo Terrance namfahamu.

Ile furaha ya siri walipofungwa usimpelekee mwanao. Umenitapikia mimi na wasomaji elfu nne, yatosha. Yeye ana uzito wake wa kubeba.

Jumamosi atakuja kukuchukua, nakuhakikishia, mtoto wa namna hiyo hawezi kukuacha umesimama pembeni ya uwanja. Vaa gauni. Jina likitangazwa usikimbilie katikati ya uwanja kama ulivyozoea kuota. Mpe bega upande wa goti bovu, tembea mwendo wake, hata mkifika wa mwisho.