Majivu ya Bibi

Tunduma, 14 Machi

Bibi, shikamoo. Natumaini mguu umepoa na kahawa ya huko Mbozi imebeba. Huku ni mvua tu. Hata malori ya foleni ya mpakani yanaonekana kama ng'ombe waliolala ukunguni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwaga majivu uani kabla ya mvua, kisha ukayafuata kuona maji yanataka kupita wapi? Nilipomaliza uhandisi nilikucheka.

Juzi nilikuota unapita mtaani kwetu na ungo wa majivu, nakuita huitiki. Asubuhi nikaomba majivu kwa jirani yangu Mama Aida, muuza chapati, nikayamwaga kule juu mtaa unakoanzia. Mvua ikashuka. Majivu yakaenda polepole, kama mtu anayerudi kwao. Yalipoukaribia mtaro mpya, yakakata kushoto, yakashika kile kinjia cha watu.

Bibi, mtaro huo niliuchora mimi. Nilipima kiangazi, watu wakipita kwenye kinjia hicho na mizigo yao, sikujua ni mkondo wa zamani wa maji. Mwezi uliopita maji yalibeba unga na godoro la Mama Aida, nami nikamwambia ni mvua ya ajabu tu. Jumatatu kwenye mkutano wa mtaa nitasema kosa ni langu.

Ile nyumba niliyokujengea huku chini ya mtaa, usifunge mizigo ya kuhamia kwanza. Majivu yaliingia mlangoni, yakatulia pale nilipopanga kuweka kitanda chako.

Mjukuu wako aliyekucheka,
Wiliam