Mstari wa Saa Tano

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya nne mvua haijakata huko juu. Bwawa limebakiza mita moja na nusu tu kufika alama nyekundu. Mhandisi wetu — tunamwita Kipimo — anaingia chumba cha mitambo kila nusu saa. Anatazama geji, kisha ananitazama mimi, kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Nimeshajaza daftari la wiki nzima, hata siku ambazo hazijafika. "Saa tano, ng'ambo wamepigiwa, wamejibu." Kabla ya kufungua milango ya bwawa lazima tuwaarifu majirani wa ng'ambo ya mpaka, mto unakoteremkia, wapige king'ora, watu watoke mtoni. Huwa tunapiga kweli. Ila tunaandika kwanza, maana kazi ikichanganya hakuna mwenye nafasi ya kushika kalamu. Wote tunafanya hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Dada amepiga simu. Mwaka wa sita tangu aolewe ng'ambo, na bado anaanza na matusi. Eti mmetubania maji, kaka, mna roho mbaya! Halafu akacheka. Mto umeacha udongo mzuri, amepanda maharage mpaka ukingoni. Anashuka kila asubuhi na mtoto mgongoni. Nikamwambia ategee king'ora sikio. Akasema kwani si wewe ndiye unayekipigisha? Nikajiona mtu mkubwa.

Jumatano, 5 Machi
Saa tano na robo maji yakagusa alama nyekundu. Kipimo akasema fungua milango miwili, sasa hivi. Nikapiga ng'ambo. Inaita tu. Nikarudia — laini imekufa kabisa. Nikageuka kumwambia. Yeye alikuwa ameshainamia daftari, kidole kwenye mstari wangu. Si umeshawapigia? Basi unangoja nini.

Ningesema hapana. Neno moja. Wenzangu wawili wananitazama, na mistari yao imo humo humo.

Nikabonyeza.

Maji huchukua saa tatu kufika kwa dada.

Saa sita kasoro
Simu ya dada kapokea mama mkwe wake. Dada kaiacha kwenye chaji. Ameshuka na mtoto, leo wanapalilia, kabeba na chakula, hatarudi mpaka jioni. Mama mwenyewe miguu haimbebi. Nikamwambia amwite mtu yeyote. Akasema majirani wote wako mtoni.

Laini ya ng'ambo bado imekufa. Iliyobaki ni redio ya dharura, na iko mezani kwa Kipimo. Hataiwasha kwa watu ambao daftari linasema wameshajibu. Mpaka nimwambie ukweli.

Naogopa. Kazi itakwenda, na hawa wawili nitakwenda nao. Nayajua yote hayo, na bado nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, naandika. Namsikia anaongea na makao makuu. Anawasomea mstari wangu, neno kwa neno.

Nimebisha mlango mara mbili. Polepole, asisikie.