Rafu ya Nguva

Likoni, Jumatano, 1961

Na bado nguva hana pa kukaa.

Kazi ya kuunganisha maktaba ya madrasa na ya ukumbi wa mtaa ilikwenda vyema mpaka tulipofikia kitabu kinachomhusu nguva. Bwana Mwadime wa ukumbini alikiweka rafu ya wanyama, ubavuni mwa ng'ombe. "Ananyonyesha," akasema. Maalim Abdalla akakihamishia kwa samaki. "Yuwakaa baharini huyu!"

Kikahama hivyo mpaka adhuhuri. Nikashauri tukikate katikati, wakanitazama kama mwendawazimu.

Kisha Maalim akanivuta kando. "Zuhura mwanangu, akiwa mnyama, ilipasa achinjwe ndipo awe halali. Na yule tuliyepikiwa harusini juzi alitolewa wavuni amekwisha kufa. Tumemla sote, hata imamu."

Mimi nilikula sahani mbili.

Nikamuuliza Bwana Mwadime kitabu kilichoazimwa hukaa rafu gani.

"Hakina rafu. Kipo kwa aliyekiazima."

Maalim akakiazima papo hapo, akakitia kwapani, akaenda zake bila hata kuaga.

Tulipokuwa tukifunga, Bwana Mwadime akaniuliza nyama ya nguva ina ladha gani.

Wallahi sikuweza kusema uongo. Nikamwambia: ya ng'ombe.