Natafuta Karani wa Mapokezi Asiyelia

Mpendwa Dada Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili, wiki ya kazi ikifunguka, mpwa wangu anaanza kazi kwangu na usingizi umenipaa. Nina ofisi hapa Kathmandu ya kupeleka vijana kufanya kazi nchi za Ghuba, Uarabuni, ofisi halali yenye leseni, na mwaka huu makarani watatu wa mapokezi wameniacha, mmoja hata mshahara wake hakurudi kuuchukua, na mimi nikitangaza kazi huandika kama wenzangu wote, msichana nadhifu, mwenye tabasamu, anayejua simu na kompyuta kidogo, na huwa nawapata, wala si wabaya, ila hawakai.

Wa mwisho alikuwa Januka, mke wa mtu, mpole, na wateja walimpenda. Sasa kijana wetu mmoja alianguka kutoka ghorofani huko kazini akafa, nikapigiwa simu, na desturi ya ofisi yangu, Dada, ni kwamba mwili ukiwa haujapanda ndege familia huambiwa amelazwa, kwa sababu ukiwaambia mapema wanahamia ofisini, wanalia kwenye mabenchi, na vijana waliokuja kujiandikisha wanachukua pasipoti zao wanaondoka, nami nina watoto wa kusomesha. Basi mke wa marehemu, Phulmaya, kila akija kutoka kijijini Januka anamwambia nilivyomwagiza, "Amelazwa, dada, anaendelea vizuri."

Ikaingia Tij, na wewe unajua wanawake wetu wanavyofunga siku hiyo kuwaombea waume zao maisha marefu. Kesho yake Phulmaya akaja amevaa nyekundu, bangili za kioo za mwenye mume mpaka karibu na viwiko, midomo imemkauka, amebeba vyakula vya sikukuu, akamwambia Januka, "Kula, dada yangu. Jana kutwa sijagusa hata maji kwa ajili yake. Mwambie bosi ampigie simu, amwambie atapona tu." Januka akazitazama zile bangili akashindwa, akazunguka meza, akamkumbatia, akamwambia ukweli pale pale mbele ya watu. Yule mama alizipiga bangili zake kwenye ukingo wa meza ya mapokezi mpaka zikavunjika zote, damu ikamtoka mikononi, na Januka akaja mlangoni kwangu akasema, "Bosi, tafuta mwingine wa kulaaniwa badala yako." Hajarudi.

Sasa dada yangu ananiletea binti yake, Sarala, ndiyo kwanza amemaliza shule, anacheka na kila mtu, na mama yake anasema kwa mjomba ndiko salama. Je, nimchukue, au nitafute mwenye moyo mgumu? Na nimwambie kazi yenyewe ilivyo, au nimwache azoee polepole?

Mjomba Mwenye Wasiwasi, Kathmandu

JIBU

Kaka, kijana hukumsukuma wewe, na simu ya namna ile ni nzito kwa yeyote, hata mimi ningetetemeka. Pole kwa hilo. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniuliza sifa za karani wa mapokezi, nami nitakueleza, maana kwa barua yako hujui. Mtu wa mapokezi kazi yake ni kumpokea mgeni, kusikia kilichomleta, na kumfikisha kwa mwenye majibu. Kwako mwenye majibu amejifungia ndani, na msichana wa watu umemweka mlangoni kama komeo. Ukiajiri mia watakukimbia mia, na ukimpata asiyekimbia, mwogope huyo.

Unasema ni desturi. Desturi ya nani? Desturi yetu mjane huvua nyekundu na kuacha chumvi tangu habari inapomfikia, na wewe ulimwacha mwanamke akae na njaa na kiu akimwombea uhai mtu aliyekwisha kufa, ili mabenchi yako yakae kimya. Mficha maradhi kilio humfichua, nawe ulificha kifo. Nimekasirika, kaka, na siombi radhi.

Sarala usimchukue. Huyu ni mpwa wako, na kwetu binti wa dada ni mtukufu kwa mjomba, unayeinama kumgusa miguu kila sikukuu ya Dashain, halafu umkalishe pale awadanganye wajane? Mwambie dada yako sababu yenyewe, usimzushie nyingine.

Tangazo liandike upya. Tafuta mtu mzima, mwanamke au mwanamume, aliyewahi kuishi na watu wenye shida, na siku ya usaili mwambie wazi kwamba humo huingia watu wenye msiba. Tabasamu lifute kwenye sifa. Tenga chumba chenye mlango, maji na mkeka, mbali na wanaojiandikisha. Na habari ya kifo iwe kazi yako wewe, si ya karani, siku ile ile uliyopigiwa simu, ukiwa umemtafuta kwanza ndugu wa marehemu wa kukaa na mjane. Vijana watakaoondoka kwa kusikia kilio, waache waondoke, wana haki ya kujua waendako.

Januka mfuate umwombe msamaha, si umrudishe kazini. Kisha, kabla ya Jumapili, panda basi uende kijijini kwa Phulmaya, peke yako, usitume mtu. Kwake hakuna mapokezi. Ukibisha hodi atakufungulia mwenyewe.