Papa, Neema Aliongea Kwenye Sikio la Kushoto

Papa yangu mpendwa,

Ni mi Bahati, kifungua mimba wako, yule ambaye shule ilimshinda lakini mdomo ukampa diploma. Soko zima la Mchesi wananijua. Nauza vitenge, na hakuna mama anayesimama kwenye kibanda changu akaondoka mikono mitupu. Lakini siku moja mdomo huu ulinikatalia, na njo sababu nakuandikia mbele ya watu wote. Ulikufa bila kupata jibu la Neema.

Unakumbuka siku walipokuja kumposa dada yangu Neema? Tulikaa mbele ya nyumba hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, we ndani ya koti lako la ushemasi, unangoja mbuzi wa mahari kama mzazi yeyote wa kwetu Fizi. Wakaja Wachewa wa kijiji cha Nathenje, wenyeji wa huku, wapole, wamependeza, mjomba wa kijana amekumbatia jogoo. Jogoo mmoja! Akachuchumaa, akapiga makofi polepole ya heshima, akakunyooshea.

"Mutoto nimemulisha toka Fizi mpaka huku, munakuja kumuchukua na jogoo? Munanichezea?"

"Pepani, abambo," mjomba akaomba radhi, akaondoka na ndege wake. Kesho yake Neema akawafuata.

Kumbe kwa Wachewa jogoo njo heshima yenyewe. Upande wa kijana unaleta jogoo, upande wa msichana unatoa tetea, uchumba umekubaliwa. Wateja wangu walinieleza, nikakukimbilia na habari nikicheka, nikidhani na we utacheka. Hukucheka. Ulikuwa umeshatangaza kanisani kwamba huna binti.

Tangu pale, kila Jumapili ukiongoza Sala ya Bwana, ukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti inashuka kama redio iliyoishiwa betri. Watu walisema ni uzee. Mi nilijua. Uzee wenyewe ulikuja nyuma, ukaanza na sikio la kushoto. Likafa kabisa, ikawa tukiongea na we tunazunguka kwanza upande wa kulia.

Ulipoanguka kitandani ulinishika mkono. "Bahati, niitie dada yako. Siwezi kwenda mbele ya Mungu namna hii."

Nilienda mwenyewe Nathenje. Neema alikuwa kwenye shamba la karanga. Nilidhani atanitukana, nikaandaa na mizaha ya kumtuliza, haikuhitajika. Alinawa miguu, akafunga mtoto mgongoni, akamwita mume wake, tukaondoka.

Papa, mi nimeona mengi. Nimeona hata polisi akinunua kitenge bila kuomba apunguziwe. Lakini sikuwa nimeona baba wa kwetu akimwomba binti yake msamaha. Ulisema, "Neema, mi njo nilikosa. Unisamehe." Ukangoja, macho juu kwenye bati.

Akapiga magoti upande wa kushoto, akakuinamia, akaongea polepole. Angejuaje? Alipotoka kwako masikio yako yote mawili yalikuwa yanasikia hata panya wa jirani. Halafu mtoto akalia, akatoka naye nje.

Ukanigeukia. "Amesema nini?"

Nikafungua mdomo, yakatoka machozi tu. Mi, Bahati! Ukanipigapiga mkono, kama mi njo mgonjwa na we njo umekuja kuniona, ukafunga macho. Hukuyafungua tena.

Tulipotoka makaburini Neema aliniuliza, "Kaka, alisikia?" Mtu kama mi, ninayeapa kitenge cha Lilongwe kimetoka Uholanzi, uongo mdogo ungenishinda? Ulinishinda. Nikamwambia ukweli. Alilia mpaka mume wake akaja kumshika asianguke. Akamaliza, akajifuta na kitenge.

"Bwana Yesu alisikia," akasema. "Lakini papa njo aliuliza. Umwambie."

Nyumba imekuwa kubwa, papa. Kiti chako hakuna anayekikalia, na mi mizaha siku hizi inaishia njiani. Jumapili Neema anakuja na mume wake, tunasali Sala ya Bwana yote kwa sauti moja, na pale ulipokuwa unashusha sauti, yeye njo anapandisha. Mi pale sauti inanipotea, nafumba tu macho.

Basi sikiliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Neema, sikukosa hata neno moja. Neema alisema hivi: "Papa, nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangoja tu uniite."

Lala sasa, papa.

Mwanao,
Bahati